Ned Gowland, Mbwa Wake na Kofia ya Shemeji Yake

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Thornlaw, na nyinyi mliotoka mbali mkapita barabara ya mlimani kwenye barafu hii: mimi ni Enid Wearmouth, dada yake marehemu, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Sikuiomba. Nina miaka sabini na minne, magoti yananiuma, na tangu mwezi uliopita sijapata usingizi wa maana. Lakini kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, na sasa nimebaki peke yangu, kwa hiyo hakuna wa kumsukumia mzigo. Mtanivumilia.

Marehemu Edmund Gowland, ambaye hakuna aliyemwita Edmund isipokuwa mama akiwa amekasirika, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Machi 1944, Mtaa wa Reli, hapa hapa Thornlaw, mkoani Durham. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Joseph Gowland, mchimba makaa, na mkewe Hannah. Baba alifuga mbwa chotara wa kuwindia nyuma ya nyumba, kama wanaume karibu wote wa mtaa ule. Mama alikuwa akisimulia kwamba Ned alijifunza kusimama kwa kushikilia masikio ya mbwa aliyeitwa Bess, na kwamba Bess alimvumilia kuliko sisi wengine tulivyokuja kumvumilia.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1949 hadi 1959. Hakuwa mjinga, ila akili yake ilikuwa na njia moja tu. Siku moja mwalimu aliuliza darasani ni mnyama gani mwenye mbio kuliko wote. Wenzake wakataja farasi, wakataja swala, wakataja chui. Ned akanyoosha mkono, akasema, "Inategemea, mwalimu. Kuna uzio au hakuna?" Alisimamishwa kwenye korido mpaka saa ya kwenda nyumbani. Nilimkuta pale nikiwa darasa la watoto wadogo, nikamwuliza amefanya nini, akaniambia kwamba mwalimu hajui mbwa.

Aliingia mgodini mwezi Julai 1959, akiwa na miaka kumi na mitano, akafanya kazi chini ya ardhi hadi mgodi wa Thornlaw ulipofungwa mwaka 1985. Baada ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha matofali ya saruji mpaka alipostaafu mwaka 2007. Ni huko mgodini, kwenye zamu moja, alikokutana na kijana mfupi mwenye nywele nyekundu, Cuthbert Wearmouth, mnayemjua wote kwa jina la Cuddy. Huyo Cuddy sasa ni mume wangu. Amekaa pale mbele, amevaa kofia. Naomba msimkodolee macho, nitaeleza.

Wazee wa hapa wanajua, lakini vijana wengi wamehama, kwa hiyo nitasema. Katika wanaume wa mgodi wetu ilikuwa mwiko mtu kumsifu mbwa wake mwenyewe. Ungeweza kumtukana mbwa wako utakavyo, kumwita mwizi, kumwita kipofu, lakini kusema "mbwa wangu ni bora" ilikuwa aibu kubwa. Maneno hayo lazima yatoke kinywani mwa mwenzako. Naye akitaka kuyasema, husimama mbele yako, huvua kofia, huishika mkononi, ndipo anasema. Akishavua amevua, na ubishi wenu umekwisha siku hiyo. Nimewaona wanaume wakizeeka na kofia vichwani kwa sababu hiyo tu.

Ned alishikilia upande wa chotara wa mbwa wa kondoo na mbwa wa mbio, yule mrefu wa viwanjani. Cuddy alishikilia upande wa chotara wa Bedlington, yule mwenye manyoya kama ya mwana-kondoo na roho ya jambazi, aliyezaa na mbwa mdogo wa mbio tunayemwita wipeti. Kuanzia mwaka 1966 hadi Ijumaa ya juma lililopita hawakukubaliana. Nimepika chakula katikati ya ubishi huo, nimelea watoto katikati yake, na nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuwahubiria pande zote mbili huku nimefumba macho.

Ned alikuwa akisema hivi. Mbwa wa mbio peke yake ana miguu, hana kichwa, na ngozi yake ni ya karatasi. Akigusa seng'enge tu unamshona jikoni. Mpe damu ya mbwa wa kondoo, anapata akili, anapata nyayo ngumu, anapata koti la kuhimili mvua yetu. Anaruka geti bila kuambiwa. Anamleta sungura mzima mzima mpaka mkononi, hajamtafuna. Na kesho anakumbuka alichojifunza leo. Cuddy naye alikuwa akijibu kwamba hapo ndipo kwenye ugonjwa, kwamba anakumbuka mno. Mbwa wa kondoo akishawinda miaka miwili anagundua kwamba sungura lazima arudi shimoni, basi anaacha kukimbia, anakwenda kumngojea mlangoni kama mdai kodi. Na akikosa sungura anaanza kuwapanga kondoo wa watu kwenye kona ya shamba, na mwenye shamba anatoka na bunduki.

Wa kwake Cuddy, alisema, ni mdogo, anageuka ndani ya nafasi ya meza, anaingia kwenye miiba ambako mbwa wa Ned anasimama nje kama bwana harusi anayeogopa matope. Ana pua. Akisimama juu ya shimo ujue kuna mtu nyumbani, tandaza nyavu, fungua sanduku umwingize kicheche wa kufugwa amtimue. Hapo Ned angemwuliza vipi kuhusu uwanja mkubwa wa kule juu mlimani, shambani kwa Bwana Ord, sungura akiwa mbali na shimo lake. Cuddy angesema, "Sungura wa mbali si wangu, ni wa Mungu." Walikuwa na umoja kwenye jambo moja tu, nalo ni kumdharau jirani yetu aliyenunua chotara wa saluki, mbwa wa mbio wa jangwani. Mbwa yule alikuwa na pumzi isiyoisha na masikio yasiyosikia. Alimfukuza sungura mmoja asubuhi akapatikana jioni upande wa pili wa mto, amechoka, hana kitu, na hataki kurudi.

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, wanaume walipanda kwa Bwana Ord kwa ruhusa yake kuwinda sungura wa mashimo, na nyama iligawiwa kwa wajane wa mgodi kabla mtu hajabeba yake. Mwaka 1974 mbwa wa Cuddy, Tansy, aliingia kwenye miiba akamtoa sungura, na mbwa wa Ned, Fly, akamdaka nje hata kabla hajafikisha hatua chache. Mnafikiri walifurahi? Walishuka mlimani wakigombana sungura ni wa nani. Mmoja alisema bila pua ya Tansy pasingekuwa na sungura. Mwingine alisema bila Fly sungura angekuwa Skotlandi. Nilimchukua yule sungura mikononi mwao nikaenda kumpika pai, nao wakaila pai yote bado wanabishana.

Marehemu alifunga ndoa na Muriel Proud Jumamosi tarehe 21 Septemba 1968, katika kanisa la Wamethodisti la hapa. Alifika amechelewa, na mkono mmoja umefungwa kitambaa, kwa sababu Fly alinasa kwenye uzio asubuhi ile. Muriel alimtazama pale mbele ya mchungaji akasema, "Ingekuwa mimi ndiye niliyenasa, ungekuja kunitoa?" Ned akamjibu, "Wewe usingenasa, una akili kuliko yeye." Kwa Ned hilo lilikuwa tamko la mapenzi, na Muriel alilielewa hivyo. Walijaliwa mtoto mmoja, Hazel, mwaka 1972. Mimi na Cuddy tulioana miaka miwili baada yao. Siku aliyokuja kuniposa alimkuta Ned mlangoni na mbwa, wakaanza, na mimi nikangoja jikoni na gauni langu zuri mpaka chai ikapoa.

Sasa hilo la kofia. Cuddy alikuwa akiogopa kuvua kofia mbele ya Ned hata kwa bahati mbaya, kwa sababu Ned angepiga kelele, "Mmeona wote! Amevua!" Kwa hiyo nyumbani kwa Ned alikula amevaa kofia. Hapa kanisani alikaa nyuma ya Ned ili asionekane kichwa wazi. Nilichoka kumwomba awe mtu mzima. Kabla ya mwezi huu alivua mbele yake mara moja tu, mwaka 2011, tulipomzika Muriel katika kaburi hili hili tunaloliendea leo. Ned aligeuka akamwona.

"Nimeona," akasema.

"Hiyo ni ya Muriel," Cuddy akasema.

"Najua," akasema Ned, na akamshika mkono, na wakatembea pamoja mpaka getini bila kubishana. Nilitishika kuliko nilivyokuwa nimetishika wiki nzima.

Mwezi Septemba mwaka jana marehemu alianza kukosa pumzi kwenye mlima mdogo wa kwenda klabu. Hospitali walisema ni vumbi la makaa, limekaa mapafuni miaka yote hiyo, na sasa limeleta na jambo jingine juu yake ambalo sitalitaja. Kufikia Novemba alikuwa na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, na kitanda kimehamishiwa sebuleni ili aone nje. Hakulalamika. Aliwaambia waliokuja kumwona jambo moja tu: asionewe huruma. Mtu aliyemletea uso wa msiba aliambiwa arudi nao nyumbani.

Mbwa wake wa mwisho, Moss, jike mweusi mwenye kifua cheupe, chotara wa mbwa wa kondoo kama wote waliomtangulia, alihitaji kutembezwa. Cuddy akajitwika. Ana miaka sabini na saba mume wangu, na nyonga ya chuma, lakini kila siku alimchukua Moss mpaka kwa Bwana Ord, na kila alasiri alikaa kando ya kitanda na kofia yake kichwani akitoa ripoti.

"Mbwa wako leo amesimama shimoni kama askari wa benki. Sungura watatu wamepita nyuma yake wanacheka."

"Alikuwa anahesabu," Ned alisema. "Huyo wako angekuwa bado amekwama kwenye miiba, anaita mama."

"Angalau angekuwa ndani. Wa kwako anaogopa kuchafua soksi."

"Shemeji, wewe ungejuaje? Ukiwa kule juu hata mbwa humwoni, unaona matako yake tu."

Hivyo hivyo mpaka Ned akohoe, nesi aje, atufukuze. Nilikaa na sindano zangu za kufumia nikasikiliza, na sioni haya kusema kwamba nilichoka. Lakini niliona pia kwamba alasiri ndiyo saa pekee ambayo Ned alikula.

Hazel alikuja kutoka Leicester Jumamosi tarehe 11 Februari kukaa na baba yake. Maskini mtoto huyu, hakuwa amelala, na siku ya kwanza alimkuta mzee wake amewekewa bomba puani na mtu amemsimamia akimtukana mbwa wake. Alimvuta Cuddy jikoni. Nilikuwa naosha vikombe.

"Anko, mwambie tu kwamba alikuwa sahihi," akasema. "Amengoja maisha yake yote. Itakupunguzia nini?"

"Si rahisi hivyo, mwanangu."

"Ni maneno mawili, Anko. Anakufa."

Usiku ule Cuddy hakulala, alijigeuza geuza mpaka nikamfukuza aende akalale kwenye kochi. Nimemjua Ned vyema. Alitaka ushindi, lakini alitaka ushindi wa kweli, wa mtu aliyepigwa akakiri. Hakuna alichokiogopa zaidi ya kupewa kitu kwa sababu yu mgonjwa. Na Cuddy alilijua hilo kuliko mimi, lakini Hazel alikuwa amelia, na Cuddy hajawahi kuweza kumwona Hazel akilia.

Kesho yake alasiri, Jumapili tarehe 12 Februari, alirudi na Moss kutoka mlimani. Mimi na Hazel tulikuwa sebuleni. Hakukaa. Alisimama miguuni mwa kitanda, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Nywele zake zimekwisha, mlijua? Hata mimi nilikuwa nimesahau jinsi kichwa chake kinavyoonekana mchana.

"Ned," akasema, "Moss ni mbwa bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Na Fly alikuwa bora kabla yake. Wewe ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

Ned alimtazama. Mashine ilikuwa inavuma. Tulimngojea afurahi.

"Daktari amewaambia nini?" akauliza.

"Hajatuambia kitu."

"Cuddy."

"Hajaniambia mimi kitu."

"Basi nani amekufa humu ndani?" Ned akasema. Hakupaza sauti, hakuwa na pumzi ya kupaza. "Kofia ya Muriel niliijua. Hii ni ya nani?"

Hazel akatoka nje. Cuddy alisimama pale na kofia yake, mzee wa watu.

"Nimesema kweli, Ned."

"Umenihurumia. Vaa kofia."

"Kofia ikishavuliwa imevuliwa, unajua sheria."

"Sheria ni ya watu wazima wa afya. Vaa kofia yako, bwana, unanipa baridi."

Cuddy akavaa. Ikakaa upande. Ned akamngoja aiweke sawa.

"Haya. Sasa niambie amefanya nini leo mlimani."

Na mume wangu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kidevu, akamwambia kwamba Moss ni mvivu, ni mwoga wa miiba, amewakusanya kondoo wa Bwana Ord kwenye kona kama anataka kuwahubiria, na kwamba chotara wa Bedlington mwenye miguu mitatu angemzidi. Ned alicheka mpaka mashine ikapiga kengele. Kisha akaiokota kamba ya Moss pale kwenye blanketi, akaiweka mkononi mwa Cuddy na kuvifunga vidole vyake juu yake. Kwa desturi yetu mbwa aliyekwisha kuwinda hauzwi wala haachwi kwa wosia. Hutolewa mkono kwa mkono, mtu akiwa hai.

"Sasa utamfuga wa kwangu, uone aibu kila siku," akasema. "Na nisikilize. Siku ya kunizika, usivue. Ukivua, nitajua ulinihurumia."

"Watu watasema sina adabu."

"Huna. Hawatasema uongo."

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 17 Februari 2023, saa nne asubuhi, Hazel ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Alikuwa amebakiza siku ishirini kutimiza miaka sabini na tisa. Moss alikuwa chini ya kitanda, amekataa kutoka asubuhi ile. Cuddy alikuwa mlimani akimtafutia neno la alasiri, na alipofika nilimwona kwa dirisha anavyotembea, nikajua kwamba amejua kabla sijamfungulia mlango.

Juzi nilimwuliza kama siku ile alisema kweli au alimpa Ned zawadi. Tumekaa pamoja zaidi ya miaka hamsini na nilidhani nina haki ya kuuliza. Alichukua kamba, akampigia Moss mluzi, wakatoka.

Marehemu ameacha binti mmoja, Hazel, na mkwe wake Graham. Mimi dada yake, na watoto wangu. Shemeji yake Cuddy. Majirani wa Mtaa wa Reli. Na Moss, ambaye tangu juma lililopita analala mlangoni kwangu na kuacha nywele kwenye siagi yangu. Nilidhani nimeshamaliza kazi ya mbwa katika maisha haya. Ned amenionea mpaka mwisho, na natoa nusu ya maisha niliyobakiwa nayo aje anionee tena kesho.

Punde kidogo tutatoka kwenda kaburini. Jeneza litakaposhuka, wanaume mtavua kofia kama ilivyo heshima. Mmoja hatavua. Atasimama upande wa kichwa na kamba mkononi, na upepo wa kule juu mnaujua, kwa hiyo nimemshonea utepe wa kupitisha chini ya kidevu, kofia isije ikachukuliwa.

Pumzika, kaka yangu. Amani sikutakii nyingi, ungechoka nayo kabla ya Jumatatu. Cuddy bado hajavua.